Je, Ni Kweli? Torati, Natal na Wazanzibari wa Chatsworth

Bayview, katika Chatsworth, kusini mwa jiji la Durban, huishi jamii inayojulikana kwa jina la Wazanzibari. Wengi wa wahenga wao hawakuzaliwa Unguja wala Pemba. Walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Msumbiji. Walitekwa, wakapakiwa majahazini, wakanaswa pamoja na watekaji wao na manowari za Kiingereza, na kuanzia Agosti 1873 wakateremshwa katika bandari ya Durban. Hadi kufikia 1880 walikuwa wamefika watu wapatao 500. Jina walilipata kwa sababu mipango ya kuwapeleka Natal ilifanyika Zanzibar, na makarani wa koloni hawakuona haja ya kuuliza zaidi.

Kama jina hilo ni la kweli au si la kweli, ni swali lililokuja kuwa na uzito mkubwa miaka mingi baadaye, pale nyumba za watu zilipotegemea jibu lake. Natal, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kulijua swali la namna hiyo kabla jahazi la kwanza halijanaswa. Yapata miaka 12 kabla ya Wazanzibari kufika, Mzulu mmoja aliuliza kama masimulizi ya Torati ni ya kweli. Swali lake lilivuka bahari, likatikisa Kanisa la Uingereza, na mtu aliyejaribu kulijibu akaupoteza utulivu wa maisha yake yote.

Mzulu huyo ni William Ngidi. Alikuwa amewahi kuwa mwendesha magari ya ng'ombe, kisha akawa mwalimu na msaidizi wa tafsiri huko Ekukhanyeni, kituo cha misheni karibu na Pietermaritzburg. Aliyekuwa akimsaidia ni John William Colenso, askofu wa kwanza wa Natal, aliyewekwa wakfu mwaka 1853. Colenso alijifunza Kizulu kwa bidii ambayo wamisionari wachache wa wakati wake walikuwa nayo, akaandika sarufi na kamusi, na Wazulu wakamwita Sobantu, yaani baba wa watu. Wawili hao walipofika katika kisa cha Gharika, kitabu cha Mwanzo, Ngidi alitaka kujua jambo moja la wazi. Je, askofu anaamini kweli kwamba wanyama wote wa dunia, wa nchi za baridi na wa nchi za joto, walikuja wawili wawili wakaingia katika safina? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wanyama na ndege walao nyama?

Swali hilo halikuwa la dhihaka. Lilitoka katika kazi yenyewe ya kutafsiri. Msomaji wa Kiingereza aliyekua akisikia kisa cha safina tangu utotoni anaweza kukipitia bila kukifikiri, kwa sababu maneno yamekwisha kuwa laini kama ngazi ya msikiti wa zamani. Mfasiri hana nafasi hiyo. Lazima aamue kila mnyama aitwe nani, kila kitenzi kiwe cha wakati gani, na kama msimuliaji anasema jambo lilitokea au anasema husemwa kwamba lilitokea. Anayekaa upande wa pili wa meza akiitafuta sentensi ya Kizulu ana haki ya kuuliza mwenzake anakusudia nini. Inafaa kulitaja hili kwa sababu historia nyingi za kanisa humweka Ngidi katika tanbihi, kama kwamba alikuwa kichocheo tu cha fikra za Mzungu. Ukweli ni kwamba hoja ya kwanza ilikuwa yake.

Colenso aliijua jiolojia ya kutosha kuona kwamba hana jibu. Alikuwa amesoma kazi za Charles Lyell, na alifahamu habari za vilima vya volkeno vya Auvergne, Ufaransa, ambavyo majivu yake mepesi yangesombwa na maji kama gharika ya dunia nzima ingepita juu yake. Kumwambia Ngidi ndiyo kungekuwa kusema uongo kwa jina la Mungu. Akaahirisha jibu, akaagiza vitabu vya wanazuoni wa Kijerumani, akaanza kuhesabu.

Na kuhesabu ndiko kulikokuwa fani yake. Mwaka 1836 alishika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge, na vitabu vyake vya hesabu vilisomeshwa katika shule za Uingereza. Kitabu cha nne cha Torati katika Kiswahili kinaitwa Hesabu, na kwa bahati ya jina hilo msomaji wa Kiswahili anaona mara moja askofu alikoelekea. Humo imeandikwa kwamba wanaume wa Israeli waliofikia umri wa kwenda vitani walikuwa 603,550. Sura mbili mbele, wazaliwa wa kwanza wa kiume wote, tangu mtoto wa mwezi mmoja, ni 22,273. Namba ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, inapatikana zaidi ya 27. Kwa hiyo kila mzaliwa wa kwanza angekuwa na ndugu wa kiume zaidi ya 26 waliokwisha kuwa watu wazima, na hapo watoto wa kiume walio chini ya miaka 20 bado hawajaongezwa. Ni mama yupi aliyewazaa? Colenso aliendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa: mkutano wote ulisimamaje mbele ya mlango wa hema, makuhani wachache walimaliza vipi sadaka za umati wa namna ile, na mifugo ililisha nini jangwani. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya Torati na Yoshua ilitoka London mwaka 1862. Ya saba na ya mwisho ilitoka mwaka 1879.

Waliomcheka hawakuwa wahafidhina peke yao. Matthew Arnold, aliyekuwa na mawazo huru kuliko maaskofu wengi, aliona aibu kwamba mtu amshughulikie Musa kwa kanuni za kugawanya na kuzidisha. Dhihaka hiyo ina ukweli kidogo, kwa sababu hesabu haiwezi kueleza kwa nini watu walikihifadhi kitabu kwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini Arnold hakuwa amekaa na Ngidi mezani. Mtu mzima aliyeuliza kwa moyo mweupe alistahili kujibiwa kwa lugha ileile ya wazi aliyoulizia.

Wayahudi wenyewe, wenye kitabu, walikuwa na historia ndefu ya maswali hayo. Abraham Ibn Ezra, katika karne ya 12, alipokutana na aya inayosema kwamba Wakanaani walikuwapo nchini wakati ule, kana kwamba mwandishi anaishi wakati ambapo hawapo tena, aliacha fumbo akamshauri mwenye kufahamu anyamaze. Musa bin Maimun, tabibu na faqihi aliyeishi Misri na kuandika falsafa yake kwa Kiarabu, alifundisha kwamba pale hoja ya akili inapothibitika kabisa, maneno ya andiko hufasiriwa yalingane nayo. Ndivyo alivyofanya na aya zinazompa Mungu mkono na uso. Baruch Spinoza alilifumbua fumbo la Ibn Ezra hadharani mwaka 1670, miaka 14 baada ya Wayahudi wa Amsterdam kumfukuza katika jamii yao. Kwa hiyo Colenso alipotoa kitabu chake, majibu ya Kiyahudi hayakuwa ya mtu aliyestushwa na swali lenyewe. Abraham Benisch, mhariri wa gazeti la Kiyahudi la London, alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1863, akibishana naye juu ya maana ya maneno ya Kiebrania, yaani juu ya usomaji.

Hata hivyo, hesabu si mahali penye uzito mkubwa katika kisa cha Ekukhanyeni. Pana ukurasa mwingine ambao Colenso aliutaja kwa maneno machache, na ambao kwa wazao wa mateka wa majahazini una maana kuliko safina yote. Katika Kutoka, sura ya 21, sheria inasema kwamba bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo naye akafa palepale, bwana atalipizwa kisasi. Lakini mtumwa akipona siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi, kwa sababu mtumwa ni fedha yake. Colenso anasimulia kwamba Mzulu Mkristo aliyekuwa akitafsiri naye maneno hayo alichukizwa kabisa kusikia kwamba yalisemwa na Mungu yuleyule aliyefundishwa kuwa ni mwenye rehema.

Neno la Kiebrania hapo ni *kesef*, ambalo maana yake ni madini ya fedha na pia ni pesa. Kiswahili nacho kimeziweka maana hizo mbili katika neno moja, *fedha*, na Pwani inajua vizuri kuliko mahali pengi jinsi binadamu anavyoweza kuwa fedha ya mtu. Hoja ya mfasiri haikuwa ya namba. Jiolojia haikumsaidia wala haikumzuia. Alikuwa na dhamiri ambayo tayari ilijua kitu kuhusu haki, na dhamiri hiyo ilikataa kuitwa mgeni mbele ya andiko. Colenso aliielewa, na hapa ndipo anapostahili heshima yake. Alikubali kwamba akili ya mtu mweusi ilipima sawasawa, na kwamba kinachopaswa kurekebishwa ni fundisho la kudai kuwa kila neno la Biblia ni sauti ya Mungu bila kasoro.

Marabi wa kale nao hawakuiacha sheria hiyo kama ilivyo. Walisoma kisasi kinachotajwa katika aya kuwa ni adhabu ya upanga kwa bwana, hivyo damu ya mtumwa ikawa damu ya mtu. Bin Maimun, baada ya kueleza kwamba sheria inaruhusu kumfanyisha kazi mtumwa wa kigeni kwa ukali, aliongeza papo hapo kwamba njia ya uchaji na ya hekima ni kumhurumia, kutomlemeza, kumlisha katika kila chakula cha nyumbani na kutomdhalilisha hata kwa maneno. Mtu anaweza kusema kwamba huko ni kuipamba minyororo, na hatakuwa amekosea sana. Lakini Torati ina sauti nyingine pia. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inakatazwa kumrudisha mtumwa mtoro kwa bwana wake. Akae kati ya watu, mahali atakapochagua mwenyewe, wala asionewe. Bin Maimun aliihusisha amri hii na mtumwa aliyekimbilia nchi ya Israeli: bwana ataandika hati ya uhuru, na mtumwa ataandika deni la thamani yake atakalolipa atakapoweza. Msomaji Mwislamu ataikumbuka aya ya Sura An-Nur kuhusu mtumwa anayetaka kuandikiana na bwana wake ili ajikomboe. Vitabu vyote viwili viliikuta biashara ya watu, vikaiwekea masharti, vikaifungulia mlango wa kutokea, na vyote viwili vilisomwa kwa karne nyingi na watu waliopendelea masharti kuliko mlango.

Mwaka 1873 mambo hayo yaliacha kuwa ya kitabuni. Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari ulitiwa saini. Soko la Mkunazini likafungwa, na kabla ya mwaka kuisha ujenzi wa kanisa kuu ukaanza mahali pake. Waliokombolewa baharini ilibidi wapelekwe mahali. Wengine walibaki kwa wamisionari wa Unguja, wengine baadaye walikaa Freretown karibu na Mombasa, na wale wa Natal wakapelekwa kwa sababu wenye mashamba na mabwana wa bandari walikuwa na njaa ya vibarua. Wahindi wa mkataba walikuwa wakiletwa tangu 1860 kwa haja hiyohiyo. Walioitwa watumwa walioachwa huru walifungwa nao kwa mkataba, miaka mitano kwa bwana aliyepangwa na serikali. Afrika Mashariki baadaye ingewaita watu wa namna hiyo manamba. Torati inamwachilia mtumwa Mwebrania mwaka wa saba na inamwamuru bwana asimtoe mikono mitupu. Koloni la Kikristo lilipunguza miaka, likasahau sehemu ya pili.

Baada ya mkataba, wengi walikaa King's Rest, kwenye kilima cha Bluff kinachoikinga bandari. Wakatoliki walikuwa na misheni huko, na baadhi ya Wamakua walibatizwa. Wengi walishika Uislamu, na wafanyabiashara wa Kihindi waliosimamia wakfu wa Msikiti wa Juma wa Durban wakawapatia ardhi ya kuishi na kuzikana. Huko Kimakua kilibaki lugha ya nyumbani kwa vizazi, maulidi yakasomwa, na dhikri za tarika zikaendelea kuwaunganisha na pwani walikotoka.

Mwaka huohuo wa 1873, miezi mitatu baada ya kundi la kwanza kushuka Durban, serikali ya Natal ilimshambulia Langalibalele, mfalme wa Wahlubi, kwa tuhuma za uasi. Hukumu yake mwaka 1874 ilikuwa ya kumfukuza nchini maisha. Colenso alikuwa rafiki wa miaka mingi wa Theophilus Shepstone, mtawala wa mambo ya wenyeji, na alikuwa amemwamini. Alipoanza kuwasikiliza mashahidi Waafrika mmojammoja, kwa Kizulu, akilinganisha maelezo yao na kumbukumbu za mahakama, urafiki ule ulikufa. Kazi aliyoifanya ilikuwa ileile aliyoifanyia Torati: alisoma rekodi rasmi, akauliza kama ni ya kweli, akatafuta namba na majina yasiyolingana. Safari hii waliokasirika walikuwa walowezi.

Kanisa lilikuwa limemaliza naye mapema. Robert Gray, askofu wa Cape Town, alimhukumu kwa uzushi mwaka 1863 na kumvua cheo; baraza la rufani la Malkia mjini London likaamua mwaka 1865 kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo; Gray akamtenga na Kanisa mwaka uliofuata. Natal ikawa na mafarakano yaliyodumu kuliko wahusika wenyewe.

Kisha Frere akarudi katika hadithi. Mtu aliyesifiwa kwa kuifunga Mkunazini alikuwa sasa mwakilishi mkuu wa Malkia Afrika Kusini, na mwishoni mwa 1878 alimpelekea Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, masharti ambayo hayangeweza kukubalika. Jeshi la Kiingereza lilivunjwa Isandlwana tarehe 22 Januari 1879. Wakati koloni zima lilipodai kisasi, Colenso alipanda mimbari Pietermaritzburg, mwezi Machi, na andiko alilolichagua lilitoka kwa nabii Mika, pale panapoulizwa Bwana anataka nini kwa mwanadamu, na jibu likawa kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu. Alihubiri kwamba si Wazulu waliovunja amri hiyo.

Wakosoaji wake walidai tangu 1862 kwamba mtu akianza kuivuta nyuzi moja ya Torati, shuka lote litafumuka. Mimbari ya 1879 haikuwathibitisha. Ahadi na hesabu ambazo Colenso alizikataa zilihusu wingi wa watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Alichokibakiza kilimgharimu marafiki, mapato na heshima ya jamii yake, na alifariki Juni 1883 akiwa bado anamtetea Cetshwayo. Gray na wenzake, walioshikilia ukweli wa kila namba, walipata urahisi mkubwa zaidi wa kuishi na dola.

Durban haikuacha kuhesabu Biblia. Katika karne ya 20 Ahmed Deedat, aliyeletwa akiwa mtoto kutoka Gujarat, aliijenga kazi yake ya mihadhara juu ya tofauti za namba na majina katika Agano la Kale na Jipya. Mwanzo wake ulikuwa *Izhar ul-Haqq* cha Rahmatullah Kairanawi, alimu wa Kihindi wa wakati wa Colenso aliyewasoma wakosoaji wa Ulaya na kuwageuza mashahidi wake. Kanda za Deedat zilisikilizwa Dar es Salaam na Mombasa, na mihadhara ya Kiswahili ikafuata njia hiyo. Kipo kipaji hapo, na kwa Mwislamu maskini aliyezoea kuhubiriwa mlangoni ilikuwa furaha kubwa kupata majibu. Lakini akili inayopimia kitabu cha jirani tu haijaingia hatarini. Colenso na Ngidi walipima kitabu walichokuwa wanakisalia.

Wazanzibari wa Bluff walikuja kupimwa kwa akili ya namna nyingine. Sheria ya Kuandikisha Watu ya 1950 ilitaka kila mtu awe na rangi moja iliyoandikwa, na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka huohuo ikatoa ardhi kwa rangi. Kama wangehesabiwa Waafrika, wangepelekwa katika vitongoji vya Waafrika, mbali na misikiti na Wahindi waliokuwa wafadhili wao. Jamii na watetezi wake wakasimama juu ya jina: ni Wazanzibari, ni Waislamu, asili yao ni ya Bahari ya Hindi. Serikali ikawaandika katika kundi la Waasia wengine. Katika miaka ya 1960 waliondolewa King's Rest na kupewa nyumba Bayview, katika Chatsworth iliyojengwa kwa ajili ya Wahindi waliohamishwa nao kwa nguvu.

Mtafiti anayefika na ramani ataona kwa haraka kwamba jina halilingani na asili. Atakuwa sahihi, kama Colenso alivyokuwa sahihi juu ya wazaliwa wa kwanza 22,273. Hata hivyo karani wa ubaguzi naye aliuliza swali lilelile, je, ni kweli, akiwa na fomu mkononi, na nia yake haikuwa ukweli bali mpaka. Mbele yake, babu Mmakua aliyejiita Mzanzibari hakuwa akitoa ushahidi wa jiografia. Alikuwa akitaja mkondo mzima uliomleta: jahazi, manowari, Frere, mkataba wa miaka mitano, ardhi ya wakfu, makaburi ya Bluff. Jina lilibeba hayo yote, nalo lilikuwa la kweli kwa namna ambayo daftari halikuwa na safu ya kuiandikia.

Baada ya 1994, vita vya Msumbiji vikiwa vimekwisha na mipaka ikiwa imelegea, Wamakua wapya walianza kufika Durban kutafuta kazi, na wengi wakaelekea Bayview, ambako walikuta watu wa dini yao na wazee waliokisikia Kimakua bila mkalimani. Wengine walioa humo. Walileta maneno na nyimbo za dhikri ambazo Bluff ilikuwa imezisahau. Ndipo majadiliano yakafunguliwa upya, safari hii bila karani: kama jamii iendelee kujiita Wazanzibari, jina lililowalinda, au ijiite Amakhuwa, jina ambalo wahenga walikuwa nalo kabla ya jahazi. Yapo matumizi ya yote mawili hadi sasa, wakati mwingine katika nyumba moja.